Jicho la samaki, la ng'ombe au la kuku: upasue lipi ukifundisha lenzi?

Mada ya jicho ikikaribia, simu yangu haitulii. Walimu wenzangu wa baiolojia, na siku hizi wa fizikia pia, wanauliza kitu kimoja: ninunue jicho la mnyama gani? Wengi wanauliza huku jibu wanalo. Ng'ombe. Mwalimu wao alipasua la ng'ombe, na aliyemfundisha mwalimu wao naye alipasua la ng'ombe, basi imekuwa kama mila.

Sina ugomvi na ng'ombe. Lakini kama shabaha ya kipindi ni lenzi yenyewe, jinsi inavyopinda mwanga, inavyolenga, inavyobaki angavu miaka nenda rudi bila hata tone la damu kupita ndani yake, basi mnyama utakayemchagua ndiye atakayeamua wanafunzi waulize nini. Mbele ya lenzi ya samaki watauliza habari za maji. Mbele ya ile ya ng'ombe watauliza kuhusu picha, miwani na uzee. Ya kuku itawapeleka kwenye misuli na mifupa. Sijaona jicho moja linaloyaleta yote hayo kwa pamoja.

Haya matatu nimeyapasua kwenye meza za maabara, na mara nyingi zaidi kwenye madawati ya darasa lisilo na maabara. Namwandikia yule anayesimama mbele ya bucha, pesa ya shule iko mfukoni, na hajui aagize nini.

Nilivyoyapima

Kila jicho nimelipitisha kwenye vigezo vile vile: umbo la lenzi, nguvu yake ya kupinda mwanga, namna inavyohamisha fokasi kati ya karibu na mbali, uwazi wake na jinsi unavyoharibika, kisha mambo ya sokoni na mezani, yaani upatikanaji, ukubwa na ugumu wa kukata.

Kigezo cha nguvu nitakieleza kwanza, maana ndicho kinachozaa vingine. Mwanga hupinda pale unapovuka mpaka kati ya vitu viwili vyenye vipimo tofauti vya kupinda. Hewa ni 1.00, maji ni 1.33, konea ya binadamu, yaani ule utando angavu wa mbele ya jicho, ni 1.376. Tazama mapengo hayo. Mwanga ukitoka hewani kuingia kwenye konea unakuta pengo kubwa, unapinda sana. Ukitoka majini kuingia kwenye konea hiyo hiyo, pengo ni dogo mno. Jicho la binadamu lina nguvu ya diopta 60 hivi (diopta ni kile kipimo kinachoandikwa kwenye cheti cha miwani), na kama 43 kati ya hizo zinatoka kwenye konea. Lenzi inaongezea zilizobaki. Zama baharini ukafumbue macho: zile 43 karibu zote zinapotea, na mkono wako mwenyewe unauona kama ukungu. Vaa miwani ya kuzamia, hewa inarudi mbele ya konea, unaona vizuri tena.

Kwa hiyo mnyama wa nchi kavu anaweza kuishi na lenzi bapa, laini, ya kumalizia kazi iliyoanzwa na konea. Mnyama wa majini hana msaidizi huyo. Lenzi yake inabeba mzigo wote. Wala hili si suala la ukoo. Pomboo na sili ni mamalia kama sisi na ng'ombe, lakini kwa kuishi majini lenzi zao zimekuwa za duara kama za samaki.

Samaki

*Umbo.* Aliyewahi kula kichwa cha samaki anaijua lenzi hii hata kama jina hajui. Ni ile gololi nyeupe, ngumu, unayoitema pembeni ya sahani. Imekuwa nyeupe kwa sababu imepikwa. Joto limeigandisha protini yake kama linavyogandisha ute wa yai. Ikiwa mbichi ni angavu kama kioo, na ni duara kweli kweli, ukiiweka kwenye dawati lililoinama inabingirika. Ndani ya jicho haijifichi nyuma ya mboni kama yetu. Inachungulia nje, na hilo humpa samaki uwanja mpana wa kuona.

*Nguvu.* Hapa ndipo samaki anapowaacha wengine mbali. Chukua mpira wa kioo cha kawaida, uufanye ukusanye mwanga majini kwa umbali mfupi kama lenzi ya samaki. Utahitaji kioo chenye kipimo cha kupinda cha 1.67 hivi, na protini za jicho hazifiki huko. Tena mpira wa namna hiyo una kasoro nyingine: miale inayopita pembezoni inakutana mapema kuliko inayopita katikati, kwa hiyo picha inakuwa na ukungu hata ukisogeza karatasi vipi. Samaki ametatua yote mawili kwa hila moja. Kiini cha lenzi yake kimejaa protini hadi kipimo kinavuka 1.5, kisha kinapungua tabaka kwa tabaka kuelekea nje, hadi kwenye ngozi ya lenzi kinakaribia 1.38. Mwanga haupindi mara mbili tu, wakati wa kuingia na wa kutoka. Unaendelea kujikunja njia nzima. Kwa kuwa pembezoni ni kwepesi na katikati ni kuzito, miale yote inaishia karibu sehemu moja.

Mwaka 1854 mwanafizikia wa Uskoti, James Clerk Maxwell, alipiga hesabu za lenzi ya duara ambayo kipimo chake kinabadilika kutoka katikati kwenda nje, na alisema wazi kwamba wazo lilitokana na kutafakari lenzi ya samaki. Miongo michache baadaye Mjerumani Ludwig Matthiessen alipima macho ya samaki wa aina nyingi, akakuta uwiano unaojirudia: kutoka katikati ya lenzi hadi retina, ule utando wa nyuma unaopokea picha, ni kama mara mbili na nusu ya nusukipenyo cha lenzi. Wanafunzi wako wanaweza kulijaribu hili kwa rula. Gandisha jicho, likate katikati, pima. Hawatapata 2.5 kamili, lakini watakuwa karibu kiasi cha kushangaa.

*Kulenga.* Lenzi ngumu kiasi hiki haibonyezeki wala haivutiki, kwa hiyo samaki anaisogeza. Kwa wengi wa samaki wenye mifupa, jicho likiwa limetulia huona vizuri vya karibu. Wakitaka kuona mbali, msuli mdogo ulioshika lenzi kwa chini unaivuta nyuma kuelekea retina. Papa hufanya kinyume, anaisukuma mbele. Mwanafunzi anayejua kamera za zamani, zile za kuzungusha mkono wa lenzi mpaka picha itulie, atalielewa jambo hili kabla hujamaliza sentensi.

*Uwazi.* Lenzi ya samaki ni mvumilivu. Hata konea ikishaanza kuwa na ukungu, ile dalili ambayo akina mama sokoni huitumia kumkataa samaki, mara nyingi lenzi ndani bado ni safi. Seli zake zimetupa viini vyao ili zisizuie mwanga, na zile za katikati kabisa ni zile zile alizozaliwa nazo mnyama. Mpya zinajengwa juu yake. Ndiyo maana mwaka 2016 watafiti waliweza kukadiria umri wa papa wa Greenland kwa kupima kaboni iliyomo kwenye kiini cha lenzi. Papa mkubwa kuliko wote waliompima alikadiriwa kuwa na miaka 392, na hata kwa makadirio ya chini kabisa alikuwa amevuka 270.

*Sokoni na mezani.* Sato anatosha, changu anatosha, lakini kama uko Kanda ya Ziwa tafuta vichwa vya sangara. Lenzi ya sangara mkubwa ni gololi hasa. Wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar waulizie vichwa vya jodari au kolekole kwa wakata samaki. Kukata ni kazi nyepesi: wembe kuzunguka konea, minyo mmoja wa taratibu kwa nyuma, lenzi inatoka yenyewe. Ubaya ni harufu. Kipindi kinachofuata kwenye chumba hicho usikipangie mtihani.

*Anayefaa kumchukua:* mwalimu wa fizikia anayetaka kuonyesha upindaji wa mwanga kwa kitu kilicho hai; darasa la watu sitini ambalo kila kundi linahitaji jicho lake; na shule isiyo na friji.

Ng'ombe, pamoja na mbuzi

*Umbo.* Hii ndiyo lenzi mbinuko ya kwenye kitabu. Imebinuka pande zote mbili, nyuma zaidi kuliko mbele, na ni kubwa kiasi kwamba mtu aliyekaa dawati la nyuma anaiona. Ya binadamu mzima ina upana wa milimita 9 hadi 10 na unene wa kama 4. Ya ng'ombe inaipita kwa mbali. Ukiitoa, pembeni yake kunabaki alama nyeusi zilizopangika kama miale ya jua inavyochorwa na watoto. Hizo ni chapa za mikunjo ya siliari (ile pete ya misuli inayoizunguka lenzi), mahali nyuzi zilizoining'iniza lenzi zilipokuwa zimeshika. Hii ni picha ambayo hakuna chati ya ukutani inayoifikia.

*Nguvu.* Ya wastani, kwa sababu konea imeshafanya kazi kubwa. Nayo ina tabaka zinazotofautiana, lakini mteremko wake si mkali kama wa samaki. Katika lenzi ya binadamu kipimo kinatoka kama 1.38 nje hadi 1.41 katikati. Ukiiweka juu ya gazeti lililofunikwa kwa plastiki, herufi zinavimba. Sasa fanya hivi: weka gazeti hilo chini ya bakuli la kioo lenye maji, kisha tumbukiza humo lenzi ya ng'ombe na ya samaki pamoja. Ya ng'ombe inakuza kidogo tu. Ya samaki bado inakuza kama mara moja na nusu au zaidi, na mistari haijavurugika. Zitoe zote mbili nje ya maji, uone ya samaki inavyopitiliza: herufi kubwa mno katikati, na pembeni zimepinda ovyo, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili ya hewa. Jaribio hili la dakika tatu limenifundishia mambo ambayo ubao ulikuwa ukinishinda kwa wiki nzima.

Ukubwa wa jicho la ng'ombe una faida nyingine ya kale. Mwaka 1637 mwanafalsafa Mfaransa René Descartes alieleza jinsi ya kulikwangua jicho la ng'ombe kwa nyuma, kuziba tundu kwa karatasi nyepesi au ganda la yai, kisha kulielekeza dirishani: dunia inatokea pale nyuma, imepinduka juu chini. Mwanaastronomia Mjerumani Kepler alikuwa ameshalisema kwa hesabu mwaka 1604. Kuliona kwa macho ni habari nyingine. Chumba kiwe na giza, dirisha moja tu liwe wazi, na jicho liwe la asubuhi hiyo hiyo.

*Kulenga.* Hapa niseme ukweli, ng'ombe anadanganya. Tunamtumia kueleza jinsi binadamu anavyolenga, ilhali misuli yake ya siliari ni hafifu na uwezo wake wa kubadili fokasi ni mdogo; mbuzi na kondoo ni hivyo hivyo. Mnyama anayekula majani huku akiangalia kama simba anakuja hana haja ya kusoma maandishi madogo. Kwa binadamu ni tofauti. Mwaka 1801 daktari Mwingereza Thomas Young aliweka jicho lake mwenyewe ndani ya maji ili kuiondolea konea nguvu, akakuta bado anaweza kuhamisha fokasi. Basi kazi hiyo ni ya lenzi. Mwaka 1855 mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz akaeleza namna: msuli ukikaza, nyuzi zinalegea, lenzi inajikunyata na kuwa nene. Mtoto ana zaidi ya diopta 10 za kuchezea. Kadiri miaka inavyokwenda lenzi inakuwa ngumu, na mzee wa miaka 60 karibu hana kitu, ndiyo unamwona babu akisukuma gazeti mbali mpaka mkono unaisha. Jicho la ng'ombe litakuonyesha vifaa vya kazi hiyo, yaani nyuzi, mikunjo na mfuko wa lenzi. Kazi yenyewe haifanyi.

*Uwazi.* Mwaka wangu wa pili kazini nilinunua macho kumi ya ndama, nikayatupa kwenye friza usiku kucha, asubuhi nikayayeyusha haraka haraka. Kila lenzi iliyotoka ilikuwa nyeupe kama maziwa. Binti mmoja wa mbele akauliza, "Mwalimu, hawa wote walikuwa na mtoto wa jicho?" Sikuwa na jibu la maana. Baadaye nikajifunza kwamba baridi peke yake inatosha kutia ukungu lenzi ya mamalia mchanga: protini zake zinajitenga kwenye baridi, na ukiipasha joto la mkono ukungu unaondoka. Hilo la friji linarekebishika. La friza, barafu ikishararua nyuzi za lenzi yenyewe, halirekebishiki vizuri. Siku hizi ukungu wa friji nauleta makusudi. Natoa lenzi ya ndama ikiwa baridi, naiweka kwenye maji ya uvuguvugu, wanafunzi wanaiona ikisafika mbele yao. Kuanzia hapo mtoto wa jicho si laana tena wala si utando unaoota juu ya jicho. Ni protini zilizopoteza mpangilio wake. Tofauti ni kwamba za mgonjwa hazirudi kwa kupashwa joto, ndiyo maana daktari huitoa lenzi na kuweka ya bandia.

Na usitupe lenzi mwishoni. Ichemshe kidogo, kisha wape waimenye kwa kucha: inatoka tabaka tabaka kama kitunguu. Kwa uso wa mbele, mwenye macho mazuri ataona mshono wa pembe tatu, kama herufi Y, mahali nyuzi za lenzi yenyewe zinapokutana.

*Sokoni na mezani.* Macho yapo kila penye machinjio, lakini agiza siku moja kabla, na chukua penye mkaguzi wa mifugo. Kama ni mbuzi, mwambie mchinjaji akutolee macho kabla kichwa hakijababuliwa kwenye moto kwa ajili ya supu. Kikishababuliwa unaletewa gololi zilizoiva. Sklera, ule ukuta mweupe wa jicho, ni ngumu kama kiatu, inataka mkasi mkali na mwalimu asiye na haraka, maana wembe ukiteleza unakwenda kwenye kidole. Jiandae pia na kelele: ukifungua nusu ya nyuma, ule utando wa bluu na kijani unaong'aa unawateka wote, lenzi inasahaulika. Mimi huwapa dakika tano za kushangaa, halafu nafunika. Jambo la mwisho, uliza kwanza darasani. Nimewahi kuwa na wanafunzi Wahindu ambao ng'ombe kwao si wa kupasuliwa, na mbuzi akamaliza shida yote.

*Anayefaa kumchukua:* anayefundisha muundo wa jicho zima kwa mtihani wa vitendo. Anayetaka kuzungumzia magonjwa ya macho ya binadamu. Mwenye maabara, mkasi mzuri na muda wa vipindi viwili mfululizo.

Kuku

*Umbo.* Ndogo, kubwa kidogo kuliko punje ya mbaazi, bapa kwa mbele. Kiunoni imevikwa mkanda mnene wa nyuzi, kama tairi, ambao mamalia hatunao.

*Nguvu.* Inagawana kazi na konea kama kwa ng'ombe. Kinachovutia ni protini yake. Sehemu kubwa ya lenzi ya kuku ni protini iitwayo delta-kristalini, ndugu wa karibu kabisa wa kimeng'enya ambacho kwetu kinafanya kazi ya kushughulikia taka za naitrojeni kwenye ini. Kimeng'enya cha ini kikaazimwa kuwa kioo cha jicho! Lenzi inayotokea ina maji mengi na ni laini, tofauti kabisa na gololi ya samaki.

*Kulenga.* Ulaini huo una sababu. Kuku hangojei nyuzi zilegee kama sisi. Misuli yake inaibana lenzi moja kwa moja kupitia ule mkanda wa kiunoni, na konea nayo inabadilika mviringo. Ili misuli ipate pa kujiegemeza, ndani ya sklera kuna pete ya vipande vya mifupa, kwa kawaida 14 kila jicho, vimepandana kama vigae. Pitisha kucha juu yake utaisikia. Misuli yenyewe ni ya aina ile ya mkono na mguu, ya kasi, si ile ya polepole tuliyo nayo sisi ndani ya jicho. Mtazame kuku anavyodonoa: kichwa kinashuka kutoka kimo cha kuangalia mwewe hadi sentimita chache juu ya punje, na hakosi. Wa pwani ya ziwa wana mfano mkubwa zaidi, mnandi. Akizama konea yake inakufa nguvu kama yetu, lakini lenzi inabanwa kiasi cha kufidia makumi ya diopta, na samaki anakamatwa.

*Uwazi.* Ikiwa mbichi ni safi sana, ila inachanika kwa kuguswa tu. Lenzi yetu inazuia karibu mwanga wote wa urujuanimno. Za ndege wengi zinaupitisha, nao wana seli za kuuona. Hilo huwezi kulionyesha kwa vifaa vya kawaida vya shule, kwa hiyo lieleze tu.

*Sokoni na mezani.* Rahisi kuliko yote kupata. Vichwa na miguu vinauzwa kila kona. Shida ni kwamba kuku akitumbukizwa kichwa na yote kwenye maji ya moto ya kunyonyolea, mara nyingi konea inapata ukungu. Omba kichwa kikatwe kabla. Utahitaji lenzi ya mkono na kibanio, na usitegemee kila kundi litatoa lenzi nzima. Darasani kwangu nusu huishia na ute. Faraja yao ni kile kitana cheusi kinachosimama ndani ya jicho, ambacho hawatakikuta kwa ng'ombe wala samaki.

*Anayefaa kumchukua:* mwalimu wa kidato cha tano na sita mwenye kundi dogo. Anayefundisha jinsi maumbile yanavyokidhi mazingira. Na asiyetaka kukata kabisa, maana kuku hai uwanjani na kiganja cha mtama ni somo tosha la kulenga.

Wawili wa pembeni

Nguruwe yuko karibu na binadamu kuliko ng'ombe, kwa ukubwa na kwa kukosa ule utando unaong'aa. Penye wauza kitimoto macho hayakosekani. Penye wanafunzi Waislamu, achana naye. Chura ana lenzi iliyo karibu na duara, na huilenga kwa kuisogeza mbele, kwa hiyo anakaa vizuri katikati ya samaki na wengine. Ila mimi simuui mnyama kwa ajili ya lenzi wakati sokoni yamejaa macho yanayotupwa.

Kulingana na hali yako

Kama mtihani wa vitendo uko mbele na wanafunzi watatakiwa kuchora na kutaja sehemu, chukua ng'ombe au mbuzi, na siku hiyo usihangaike na upindaji wa mwanga.

Kama mada ni mwanga na lenzi, na wanafunzi wamechoka na vioo vya maabara, chukua samaki wawili watatu pamoja na bakuli la maji. Hata bila ng'ombe, gazeti litakupa somo.

Darasa likiwa kubwa na bajeti ndogo, samaki au vichwa vya kuku. Kati ya hivyo, angalia kama una vibanio na lenzi za mkono za kutosha. Huna? Samaki.

Ukifundisha magonjwa, au unataka wanafunzi wamwelewe bibi anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, tafuta macho ya ndama, yahifadhi kwenye friji na siyo friza, na uwe na maji ya uvuguvugu tayari.

Ukifundisha mageuko ya viumbe, usichague. Changanya: sato mmoja, mbuzi mmoja, kuku mmoja kwa darasa zima, ukate mwenyewe mbele yao, na lenzi tatu uzipange kwenye sahani nyeusi moja. Waulize ni ya nani imeishi majini kabla hujasema ipi imetoka wapi.

Vyovyote utakavyochagua: glavu, sabuni, wembe mpya, na chochote kilichogusa meza ya maabara kisirudi jikoni. Kwa hiyo kama ni samaki wa pesa yako mwenyewe, mtoe macho nyumbani alfajiri, yaweke kwenye chupa yenye maji ya chumvi kidogo, na mwili uache kwenye friji. Jioni utakuwa na njaa.